Kwenye kuprinti vikombe, kikombe chenyewe ndo kinaamua: niliyojifunza hapa Tanga

Kila mtu anayetaka kuingia kwenye hii kazi ananiuliza habari za mashine. Dada hitipresi ya vikombe inauzwaje, dada nichukue ya kikombe kimoja kimoja au ile ya vikombe vingi kwa mpigo, dada printa gani haisumbui. Najibu, sina roho ya kuficha, ila mashine unainunua siku moja yameisha, kikombe ndo utashughulika nacho kila asubuhi, na wateja wengi nimewaona wakilalamikia picha iliyofutika huko walikoprinti, ukikiangalia kikombe chao unaona kabisa mashine haikuwa na kosa lolote, kikombe hakikuwa cha kazi hiyo.

Mi niko Ngamiani, Tanga, naprinti vikombe vya picha, vya harusi, send-off, komunio, mahafali, watu wa maofisini mwisho wa mwaka. Nianze na jinsi inavyofanya kazi maana bila kuelewa hapa yote yatakayofuata utayaona uchawi. Picha inaprintiwa kwenye karatasi maalumu kwa wino maalumu, inakuwa imegeuzwa kushoto kulia, karatasi unaifunga kwenye kikombe kwa tepu inayostahimili moto, kikombe unakibana kwenye mashine yenye joto la nyuzi 180 mpaka 200 hivi, dakika mbili mpaka nne kutegemea na mashine yako, unatoa, unabandua karatasi, picha imehamia. Sasa huo wino ukipata moto hauyeyuki kuwa maji, unatoka kwenye ugumu unakuwa hewa moja kwa moja, ni kama vile vidonge vyeupe tunavyoweka kabatini kwenye nguo, vinaisha vyenyewe na hujawahi kukuta tone la maji hata siku moja. Hewa hiyo ya wino inatafuta pa kuingia. Udongo uliochomwa ukapakwa ile ngozi yake ya kung'aa hauna pa kuingilia, umeziba kote. Inaingia kwenye koti tu, utando mwembamba sana wa plastiki ya jamii ya poliesta ambao kikombe kinapakwa kiwandani. Moto unalilegeza koti, wino unazama humo, kikombe kikipoa koti linajifunga na wino unabaki ndani. Ndo maana kikombe kizuri ukipitisha kidole hausikii ukingo wa picha, picha haijabandikwa juu, imo ndani ya koti.

Kwa hiyo kikombe kisichokuwa na koti hakina kazi hata ukiwa na mashine ya bei gani, na hili watu hawaliamini mpaka waone kwa macho. Alikuja mama mmoja mtu mzima na seti yake ya vikombe vizuri vya duka la vyombo, vyeupe pee, vizito, anataka vichapwe picha ya binti yake na mkwe wake. Nikamwamkia, shikamoo mama, nikamweleza kwamba hivi havishiki. Akaniangalia, akasema mwanangu hivi ni vyeupe na hivyo vyako ni vyeupe, tofauti iko wapi, au unataka nikanunue vya kwako? Sikubishana naye. Nilichukua kimoja kwa ruhusa yake nikakata kipande cha karatasi yenye rangi, nikakibana kwa muda uleule na moto uleule, kilipotoka kilikuwa na kivuli cha rangi kilichopauka, nikampa kitambaa chenye maji na sabuni asugue mwenyewe. Aliposugua mara ya pili kikombe kilikuwa cheupe tena na rangi yote iko kwenye kitambaa. Nikachukua kikombe changu chenye koti na kipande kingine cha karatasi ileile, nikakifanya mbele yake hivyohivyo, akasugua mpaka akachoka. Hakuuliza tena. Alichukua vyangu na vile vyake akaondoka navyo akanywee chai nyumbani.

Lakini sio kila chenye koti ni kizuri, na hapa ndo pesa za watu wengi zinapotelea. Vikombe vyetu karibu vyote vinatoka China, vinaingia Kariakoo, halafu sisi wa mikoani tunaletewa kwa basi au lori, kutoka Dar mpaka huku ni kama kilomita 350, na katoni kwa kawaida inakuwa na vikombe 36. Katoni mbili kutoka duka moja, boksi la rangi moja, zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Kuna muuzaji aliwahi kunitumia mzigo ambao picha ilikuwa inatoka vizuri juu na katikati halafu chini kwenye kitako inapauka, kikombe baada ya kikombe, nikampigia akaniambia dada moto wako mdogo, ongeza. Muuzaji wako akikwambia hivyo usikimbilie kuongeza moto, soma karatasi kwanza. Karatasi ukishaibandua kwenye kikombe usiitupe, iweke mezani uiangalie. Kama pale palipopauka kwenye kikombe karatasi bado imejaa rangi, wino haukutoka, maana yake joto halikufika au mashine haikubana vizuri sehemu hiyo, hilo ni lako. Kama karatasi imebaki na kivuli hafifu sawasawa kote, yani wino ulitoka wote, halafu kikombe kimepauka, basi wino ulitoka ukakosa pa kuingia, koti halipo au ni jembamba mno, hilo ni la kikombe. Yule muuzaji nilimtumia picha ya karatasi pembeni ya kikombe, na pembeni yake kikombe cha katoni nyingine kilichotoka safi kwa moto uleule. Alibadilisha mzigo.

Tangu hapo katoni ikifika haiendi kwenye rafu kabla sijaipima. Nachukua vikombe viwili vitatu, cha juu, cha katikati, cha chini, navipeleka dirishani navigeuzageuza kwenye mwanga, koti lililopakwa vibaya linaonekana, kuna mistari ya kuchuruzika, kuna mabaka yasiyong'aa, hasa karibu na mkono wa kikombe na kwenye kitako. Halafu naprinti ukanda mweusi mtupu wa kuzunguka kikombe kizima, hamna picha, hamna maandishi, weusi tu. Weusi hauna pa kujificha. Sura ya mtu yenye maua pembeni inaweza kuficha kasoro nyingi, ila kwenye ukanda mweusi tundu dogo la koti linaonekana kama nukta nyeupe, koti jembamba linaonekana kahawia. Unapoteza kikombe kimoja, ila unajua kama vile 35 vilivyobaki uviamini au uvirudishe. Na kwa anayeanza ningemshauri kabla hajanunua mashine anunue vikombe vichache kwa wauzaji tofauti, aombe mtu mwenye mashine amchapie ukanda huo kwa malipo, aone mwenyewe nani anauza koti na nani anauza maneno.

Sasa kuna mambo ambayo ni ya huku kwetu mwambao. Unyevu. Tanga hewa ina maji mwaka mzima, masika ndo usiseme, na hii kazi haipendi maji kabisa. Karatasi ikivuta unyevu, moto ukiipata ule unyevu unageuka mvuke unasukuma wino unakotaka wenyewe, unapata mabaka, unapata rangi imetawanyika kwenye kingo za maandishi, ukiona herufi zimevimba ujue ni maji hayo. Karatasi zangu zinakaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na vile vipakti vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye viatu sivitupi, nawekea humo. Picha ikitoka kwenye printa naiacha ikauke kwanza, sio inatoka tu mbiombio kwenye kikombe. Kikombe nakifuta kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, maana unyuzi mmoja wa pamba ambao huuoni kwa macho ukibanwa kwenye moto unaacha nukta ya bluu, na hiyo nukta haitoki milele, na imani yangu ni kwamba huwa inachagua kukaa kwenye shavu la bibi harusi.

Kingine ni mkono wa kikombe. Mashine inabana kwa mpira wenye joto unaozunguka kikombe, ila haufiki mpaka kwenye mkono, na vikombe vingi havijanyooka sawasawa, juu na chini kuna kipenyo kinapungua kidogo, mpira haushiki vizuri. Kikombe cha kawaida cha mililita 330 hivi eneo salama la picha ni karibu sentimita 20 kwa 9, na mi hata hapo sura ya mtu siisogezi ukingoni. Mteja anakwambia nataka picha ifike mpaka kwenye mkono kabisa, unamweleza kwa upole, unamwonyesha kikombe cha mfano, maana bora akubali kabla kuliko kulalamika baadaye.

Kubandua nako kuna namna yake. Kikombe kikitoka ni cha moto kweli, vaa glavu, na wino bado unatoka kwenye karatasi, haujaacha. Ukibandua taratibu huku karatasi inacheza unapata picha mbili, kivuli kinafuatana na sura, midomo miwili, macho manne. Toa tepu, shika kona, vuta mara moja, weka pembeni. Kikombe kiache kipoe chenyewe, wapo wanaokitumbukiza kwenye maji ili kipoe haraka, mi sishauri, udongo wa moto ukikutana na maji baridi ghafla unaweza kupata ufa ambao hutauona leo, mteja atauona akimimina chai. Na dirisha liwe wazi muda wote, ule moshi wenye harufu sio kitu cha kuvuta siku nzima.

Umeme ukikatika kikombe kikiwa ndani, usibandue karatasi kuchungulia. Ukibandua umeua, huwezi kuirudisha mahali pake sawasawa hata ungekuwa na macho ya namna gani. Kiache kilivyo, tepu zake zote, umeme ukirudi anza tena muda, mara nyingi kinapona. Na umeme ukiwa mdogo, zile jioni ambazo taa zinawaka nusu, mi nasimamisha kazi, maana mashine inaandika nyuzi 190 ila inachukua muda mrefu kuzifikia na ukibana kikombe baridi zinashuka hazipandi.

Printa nitapita haraka. Chukua yenye kichwa kisichotumia joto kusukuma wino, ndo maana wengi wetu tunatumia Epson zenye matenki, kichwa chake kinasukuma wino kwa mtikisiko, nyingi za HP na Canon za kawaida zinachemsha wino ndani ya kichwa na huu wino wetu hautaki kuchemshwa humo. Anza na printa mpya ambayo haijawahi kuwekwa wino wa kawaida. Iprinti kitu kila siku hata kama huna oda, wino ukikauka kwenye kichwa ni kilio. Na ujue printa haina wino mweupe, weupe wa kwenye picha ni weupe wa kikombe chenyewe, ndo maana hatuchapi kwenye kikombe cha rangi ya kukoza.

Nataka nikae kidogo kwenye rangi za watu kwa sababu hapa nina uchungu napo. Rangi ukiiangalia kwenye karatasi imepauka, inakolea baada ya moto, na kinachokolea zaidi ni sehemu za giza. Sasa sura zetu watu weusi, picha imepigwa jioni kwa simu ukumbini, ukiichapa ilivyo uso unakuwa doa jeusi lenye meno, au bila kuweka profaili ya rangi, yani faili la kuielekeza printa itoe rangi vipi, inayoendana na wino na karatasi yako, ngozi inaelekea kijani au chungwa. Wapo mafundi dawa yao ni kumpaka mtu weupe, wanamvuta mpaka anafanana na mtu mwingine, wanakabidhi. Mi simchubui mtu. Naweka profaili sahihi, halafu nafungua vivuli tu, chini ya macho, kwenye mashavu, kwenye nywele, ili yale maumbile ya uso yaonekane, rangi yake naiacha ni ileile mama yake aliyoizoea. Inachukua muda, ndio, lakini mtu akishika kikombe anatakiwa amwone mtu wake.

Kuna kaka alikuja na picha ya marehemu baba yake, picha yenyewe ni ile ya pasipoti ya zamani iliyokaa kwenye albamu mpaka imepata ukungu kwenye kona, na hawana nyingine. Alikuwa ameipiga kwa simu akanirushia WhatsApp, imekuja ndogo, imejaa mng'ao wa taa. Nikamwambia kaka lete yenyewe, kama huwezi basi ipige mchana kivulini bila flashi, uitume kama dokyumenti, usiitume kama picha ya kawaida maana WhatsApp inaibana inapunguza ubora. Akaleta yenyewe. Alitaka izunguke kikombe chote, nikamwonyesha kwenye kompyuta ikikuzwa hivyo inavyokuwa, macho yanageuka viboksi. Tukakubaliana iwe ndogo, upande mmoja, kubwa kidogo kuliko ile halisi, chini jina la mzee na mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki, upande wa pili tukaacha peupe. Jina nilimtumia kwanza alisome kwa herufi moja moja, kila mteja nafanya hivyo, sichapi kabla hajaniandikia sawa. Kikombe kilikuwa cha mama yake. Wiki iliyofuata mama mwenyewe alinitumia voisi, ananishukuru, ananiombea, halafu anauliza kama anaweza kukisugua kwa stil waya kikipata rangi ya chai.

Hilo swali nalipenda kwa sababu wengi hawaulizi. Stil waya hapana, mchanga na majivu hapana, vinakwaruza koti na picha imo humo kwenye koti, ukilikwaruza unaikwaruza picha. Sabuni ya kawaida na sponji laini inatosha. Na kama kikombe ni cha kuweka kabatini kama kumbukumbu, basi kabati lisitazame dirisha, jua la kila siku linaifubaza hii rangi taratibu. Vile vikombe vyeusi vya maajabu vinavyotoa picha ukimimina maji ya moto ndo vinataka upole zaidi, kwenye mashine navipunguzia moto na muda, nyumbani vioshwe kwa mkono na visilowekwe.

Kuna jambo lingine la huku kwetu. Wateja wanaomba nichape aya za Qur'ani kwenye vikombe vya zawadi. Kwanza maandishi ya Kiarabu ni lazima yasomwe na anayeyajua kabla hayajaingia kwenye moto, ukisahau kugeuza picha au programu ikikutenganishia herufi umechapa kitu kisichosomeka au kibaya zaidi. Pili, wazee wengi hapa hawapendi kabisa aya iwe kwenye chombo kitakachowekwa kwenye karo na masalia ya chakula. Kwa hiyo nashauri sahani ya kuweka ukutani, au kwenye kikombe tuandike dua kwa Kiswahili, au jina la kanga zuri, wanawake wa Tanga majina ya kanga hayawaishi, wanaafiki haraka.

Watu wanalalamika bei, kwamba mtaani kikombe ni elfu mbili mbona wewe elfu kumi. Mi naeleza vizuri: koti, wino, karatasi, umeme, kile cha kupima kwenye kila katoni, na kwamba kikipauka bila kukwaruzwa unakirudisha unapewa kingine. Naweza kuahidi hivyo kwa sababu ya daftari. Kila oda naandika tarehe, mteja, nyuzi na dakika nilizotumia, na alama niliyoipa katoni kikombe kilikotoka, alama hiyohiyo naiandika kwa kalamu ndogo chini ya kitako. Akirudi mtu na kikombe nakipindua, nasoma alama, nafungua daftari, najua vyenzake vilikwenda kwa nani, na kama ni tatizo la koti nawapigia na wao kabla hawajaona chochote, waje nivibadilishe.